Tarumbeta Lililobaki Ukingoni

Anti Mhabeshi alikuwa na mfuko wa kaseti ambao hakuna mtu aliyeruhusiwa kuugusa, kwa hiyo mimi niliugusa siku ya pili tu.

Ilikuwa likizo ya Desemba, mwishoni mwa miaka ya tisini. Wenzangu wa bwenini walikwenda kwao Moshi na Iringa kula na kunenepa. Mimi nilipandishwa ndege kwenda Guangzhou kwa mama, aliyekuwa akinunua deki za sidii za kupeleka Dar. Tulikaa mtaa wa Xiaobei, nyuma ya jengo la Tianxiu, juu kabisa, kwenye jengo lisilo na lifti. Anti alipanga chumba cha pili. Yeye alinunua viatu soko la Zhanxi vya kupeleka Addis Ababa, na Kiswahili chake alikiokota Nairobi, alikokimbilia usichanani. Kilichechemea kila mahali isipokuwa kwenye matusi.

"Wewe msichana, mkono yako iko na ugonjwa gani?" aliniuliza aliponikuta na kaseti.

"Ugonjwa wa kupenda muziki, Anti."

"Hiyo ni wizi. Leta hapa."

Aliichukua, akaifuta kwa kanga ya mama, akaitia kwenye redio. Nadhani alikuwa anatafuta kisingizio tu, maana tangu hapo hatukuzima.

Zile za zamani zilikuwa zimenakiliwa kutoka kwenye santuri, na chini ya wimbo ulisikia sindano ikikwaruza kama mtu anakaanga vitunguu. Lakini matarumbeta! Yalikuwa yanaingia pamoja, yamevimba, kama wazee wa kanisa waliochelewa ibada na hawana aibu. Halafu kulikuwa na kaseti za wakati wa utawala wa wanajeshi kwao, watu walipokatazwa kutoka usiku na kumbi za dansi zikafa. Humo bendi inapungua mtu mmoja mmoja, mpaka anabaki mwimbaji na kinanda cha umeme. Na kulikuwa na mpya, zilizorekodiwa Marekani na Wahabeshi waliohamia huko, sauti safi kama zimefuliwa kwa sabuni ya unga.

"Wapiga tarumbeta walikwenda wapi, Anti? Kinanda kiliwala?"

Nilisogeza kichwa kukwepa kofi. Kofi halikuja. Alipunguza sauti ya redio.

"Moja ilikuwa kaka yangu," alisema.

Kaka yake alipiga kwenye bendi ya hoteli. Katika santuri moja tu walimwachia mwisho wa wimbo apige peke yake. Wimbo wenyewe ulikuwa wa aina wanayoiita tizita, yaani kukumbuka na kutamani vikiwa kitu kimoja. Baadaye wanajeshi walikuja kumchukua, na Anti akaondoka nchini na begi la nguo, santuri ikabaki ukutani. Aliporudi Addis miaka mingi baadaye aliuliza kila duka la kunakili kaseti. Nyimbo nyingine walikuwa nazo. Huo hawakuwa nao.

"Uso yake nakumbuka," alisema. "Ile pumzi ndiyo nasahau. Kila mwaka nasahau kidogo."

Niliirudisha sauti ya redio juu, taratibu.

Sasa, Guangzhou ilikuwa na biashara moja ya ajabu. Sidii zisizouzika Ulaya na Marekani zilikuwa zinaletwa kama taka za plastiki, zimekatwa kwa msumeno ukingoni ili zisipigwe tena. Wachina, watu wa Mungu, walizichambua na kuziuza hivyo hivyo na majeraha yake. Kwenye kichochoro karibu na stesheni, laoban mmoja, yaani bosi wa biashara, alizimwaga kwenye turubai, na bei ilitegemea ukubwa wa jeraha. Mimi nilikuwa natafuta Wamarekani weusi wenye suruali pana. Nilichokiona ni jalada lenye herufi za kaseti za Anti, zile zinazofanana na watu wanaofanya mazoezi ya viungo. Niliinunua, nikapanda ngazi zetu zote nikikimbia.

Anti aligeuza jalada. Ilikuwa ni mkusanyiko wa santuri za zamani. Alishuka na kidole kwenye orodha, polepole, mpaka wimbo wa mwisho kabisa, kidole kikakwama hapo.

"Ni huu?"

Alitazama pembeni, kwenye katoni za mama. Nyumba nzima haikuwa na mashine ya sidii, isipokuwa deki zilizojaa ukuta mzima, zimefungwa kwa gundi na kamba, tayari kwa kontena.

Kwa mama, mzigo uliofungwa haufunguliwi hadi Kariakoo. Hata mimi mwenyewe nilishawahi kunyimwa. Sasa alisimama mlangoni, akamtazama Anti, akaitazama ile sidii.

"Shoga, ndiye yeye?"

"Ndiye."

Mama akaenda jikoni, akarudi na kisu.

Nyimbo zilicheza vizuri, maana sidii husomwa kuanzia katikati kwenda nje. Hilo sikulijua. Jeraha lilikuwa nje, na wimbo wa mwisho ulikuwa nje. Ulipoanza Anti alikaa sakafuni kati ya katoni. Mwimbaji aliimba, akaimba tena, akanyamaza kumpisha mtu. Tarumbeta likavuta pumzi. Kisha deki ikaanza kugugumia: pa, pa, kimya, pa.

Niliruka kuizima kama vile mimi ndiye niliyeikata.

Nilijaribu kuisugua kwa dawa ya meno, nilijaribu kuiziba kwa utepe. Kesho yake nilirudi kwa laoban kutafuta nakala yenye jeraha dogo. Alinionyesha kwa mikono: hupangwa rundo, msumeno hupita mara moja. Nakala zake zote zilikuwa zimekatwa palepale.

Nilirudi bila kitu, nikitunga kizaha njiani ili nisiingie na uso mtupu. Sikukitumia. Mlangoni nilisikia deki ikigugumia. Anti alikuwa ameketi palepale sakafuni, sikio karibu na spika, macho amefumba. Pa. Kimya. Pa, pa. Kila kipande kilichotoka alikuwa anakipokea kwa kichwa, kama mtu anayeitika jina lake.

Mama alitoka jikoni, hamu ya kuokoa mashine yake imemjaa usoni. "Itaungua hiyo," alisema, akanyoosha mkono kuizima.

Niliushika ule mkono. Mama akanigeukia kunikaripia, akamwona Anti, akaacha. Tukasimama pale, mkono wake mkononi mwangu, tukingoja pa inayofuata.