Santuri ya Mtu wa Kwetu

Jumamosi, katika duka moja la Lushoto, mpiga gitaa tunayemwita kila harusi alileta santuri yake ya kwanza. Mwenye duka akaipiga. Mwenyekiti wa kijiji chetu akatikisa mabega, akasema, "Hebu rudia!" Ikarudiwa mara tatu. Kisha akanunua santuri ya Kongo.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Na ya huyu je?" nikamuuliza.

"Marahaba. Huyu si wetu? Atatupigia harusini."

Mpiga gitaa akaifuta santuri yake kwa shati, akairudisha kwenye jalada.

Juzi tu Mwenyekiti alituhutubia juu ya kujitegemea, tukapiga makofi. Kumbe alikuwa anasema juu ya mahindi tu!

Ya mpiga gitaa niliinunua mimi. Gramafoni sina, lakini Mwenyekiti anayo. Naye si wetu? Nitakwenda kuipigia kwake, kila siku.