Kitanda cha Vijiti Saba

Seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Nusunusu hakuwa na habari na rula. Akitaka kugawa ubao, alipima kwa uzi, akaukunja mara tatu, akapata sehemu nane zinazolingana sawasawa. Saba, alisema, ni korofi, haikunjiki. Nane ndiyo rafiki yake wa kazi.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mama yake aliwahi kujifungua mimba ya miezi minane, mtoto hakufika jioni, na tangu siku hiyo alishikilia kwamba wa miezi saba hupona, wa minane haponi. Nusunusu alimcheka miaka yote, mpaka mkewe aliposhikwa na uchungu kabla ya wakati.

Alimbana mkunga mlangoni mwa wodi ya hospitali. "Dada, mimba ina miezi mingapi?"

"Wiki thelathini na nne."

Akagawa kwa nne: nane na nusu. Akagawa tena, jibu likawa lilelile. Akakumbuka kuwa mwezi unazidi wiki nne, akahesabu siku moja moja, akapata miezi saba na siku ishirini na nane. Akashusha pumzi, kisha akajionea haya.

"Shemeji," mkunga alimwambia, "huyo mtoto hajui kuhesabu. Kaa chini."

Binti alizaliwa mdogo mno, akawekwa kwenye kisanduku cha joto. Baba akarudi karakana kumtengenezea kitanda, maana bila kazi angerukwa na akili. Vijiti vinane alivikataa katakata. Akakunja uzi mara tatu kama kawaida yake, akatia alama kwenye kila kunjo, akachomeka vijiti saba kila ubavu.

Baada ya wiki tatu wakaruhusiwa. Mkewe alimlaza mtoto, akatazama ubavu wa kitanda, akacheka.

"Baba wee, si ulisema nane huitaki?"

"Vijiti ni saba."

"Hesabu nafasi."

Akahesabu. Vijiti saba, nafasi nane. Akaenda kuleta patasi na nyundo ang'oe kijiti kimoja.

"Ukikitoa, kichwa cha mtoto kitapita hapo," mkewe alisema, sasa bila kucheka.

Alijua ni kweli, lakini akapiga magoti vilevile. Kikono cha mtoto kilikuwa kimetokeza kwenye nafasi ya mwisho, ile ya nane. Akaweka nyundo chini, akakigusa akirudishe ndani. Kikamshika kidole, kikakaza.

Woga haukumtoka, wala hakuuficha. Ila kazi ya patasi inataka mikono miwili, na yeye alibaki na mmoja.