Nani Alimpa Kyalo Uji

Wapendwa, nimewasalimu kwa jina la Yesu. Nimeambiwa nina dakika kumi, lakini mwenye saa anivumilie, kwa sababu haya maneno nimeyabeba karibu mwaka mzima na si mazuri yote.

Wengi mnanijua kama Mama Kyalo, yule wa kushona yunifomu hapa mjini Wote. Kwetu ni Migwani, huku nimeolewa. Kabla ya mtoto nilikuwa mtu wa kelele. Niliimba sauti ya kwanza kwaya, na nilikuwa nacheka hadi wateja wananiuliza kama nimekunywa kitu. Mume wangu Mutiso anatengeneza matairi ya malori kule Emali. Anakuja Jumamosi jioni, anarudi Jumapili. Kwa hivyo siku nyingi tulikuwa wawili nyumbani, mimi na mama mkwe, Mama Mutiso, huyo mnayemwona hapo karibu na dirisha. Tulipatana sana. Alikuwa ananiita "mwana wakwa", mtoto wangu, na mimi nilimwita mama bila kulazimishwa na mtu.

Mimba ilikuwa imepita miezi saba kidogo nilipoenda Migwani kumzika shangazi yangu. Huko huko chupa ya uzazi ikapasuka. Nikakimbizwa Kitui, na mtoto akatoka siku hiyo, kilo moja na nusu. Tukamwita Kyalo, kwa sababu kwetu mtoto wa safarini jina lake ni hilo. Alikaa wadi ya wale wadogo wiki tano. Mimi nilikuwa nakamua maziwa, manasi wanampitishia kwa mrija wa pua. Siku ya kwanza waliponiwekea mtoto kifuani niliogopa hata kupumua.

Tukaja nyumbani, na hapo ndipo matapishi yakaanza. Sisemi kucheua kidogo kama mtoto yeyote. Kyalo akinyonya, maziwa yanarudi yote, kwa mdomo na kwa pua, anajipinda mgongo na kulia hadi sauti inaisha. Nguo zangu zote zilinuka maziwa yaliyoganda. Hata hapa kanisani, mtanisamehe, niliona mtu akihama benchi. Simlaumu. Hata mimi ningejihama kama ingewezekana.

Daktari alisema mlango wa juu wa tumbo lake bado umelegea kwa sababu alizaliwa mapema, utakaza akikua. Nimnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi, na kila akimaliza nimshike wima nusu saa. Sasa nyinyi hesabuni: mtoto ananyonya mara kumi kwa siku. Cherehani nikaifunika shuka. Kwaya nikaacha. Wa kwanza walikuja kuniona na sukari na sabuni, wengine wakatuma salamu, kisha kukawa kimya. Nilikuwa natembea na mtoto begani kutoka mlangoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi mlangoni, nikiongea na kuku. Kama si Mama Mutiso kunipokea mtoto nikaoge, singeoga.

Sasa nifike pale pagumu.

Kyalo alikuwa na miezi minne kwa kitabu cha kliniki. Jirani mmoja alikuwa na mtoto wa umri huo huo, mnene, mashavu hayo. Akaniambia, "Mama Kyalo, wewe unampa maji tu. Lazima yarudi. Mpe uji. Uji ni mzito, utakaa chini." Mama Mutiso alikuwa hapo, akasema, "Hapana. Huyu wetu bado. Hata shingo haijasimama." Moyoni nikasema, huyu mzee anajua nini, mambo yake ni ya zamani.

Siku ya maombi ya akina mama akaenda, nikabaki. Nikapika uji wa ule unga wetu wa kuchanganya kila kitu, wimbi, mtama, njugu, soya, na nikakamulia ndimu, kwa sababu huku kwetu uji usipokuwa mchachu si uji. Ulikataa kupita kwenye chuchu ya chupa. Nikapasha sindano moto, nikachoma tundu likawa kubwa. Nikamlaza mapajani nikampa. Haki alikunywa! Alikunywa wote, akalala. Nililia kwa furaha. Nikamlaza kitandani chali, nikaketi mikono mitupu, nikachukua simu nikaanza kutazama picha za watu. Ile nusu saa ya kumshika wima nikaisahau kabisa.

Nilichosikia ni kama mtu anasafisha koo. Woi! Uji ulikuwa unatoka puani, na midomo imegeuka zambarau. Nikamwinua, nikamtikisa, nikapiga nduru. Mama Mutiso ndiyo kwanza alikuwa anaingia langoni. Alininyang'anya mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga katikati ya mabega mpaka akalia. Jirani akatoa pikipiki, tukaenda.

Wakamweka oksijeni. Jioni daktari akaja na kitabu cha kliniki mkononi. "Uji umeingia kwa mapafu," akasema. "Huyu mtoto ana miezi mingapi?"

"Minne."

"Alizaliwa mapema wiki ngapi?"

"Tisa."

"Basi mama, hizo wiki lazima uzitoe. Kwa mwili huyu ana miezi miwili. Nani anampa mtoto wa miezi miwili uji?"

Wakati huo huo Mutiso alikuwa ameingia wadini, ametoka Emali mbio, mikono bado myeusi. Alikuwa ananiangalia. Na mdomo wangu ukasema, "Susu yake."

Susu ni nyanya. Nyanya yake mwenyewe alikuwa nyuma yangu, ameshika mfuko wa nepi. Nilingoja aseme huyu ni mwongo. Hakusema. Aliweka mfuko chini polepole, akatoka nje. Mutiso akamfuata, na nikasikia mtoto wa kiume akimfokea mama yake mbele ya watu wa kungojea dawa. Yeye hakujibu hata neno moja.

Ndiyo. Nyamazeni kwanza, nimalize.

Kyalo alikaa kwa oksijeni siku tisa, na Mungu akamrudisha. Lakini nyumba tuliyorudi ilikuwa kama nyingine. Mama Mutiso alipika, akafua, akachota maji, ila mtoto hakumgusa. Nikimwambia, "Mama, nishikie kidogo," anasema, "Mikono yangu ni michafu," na anaenda kwa mbuzi. "Mwana wakwa" ikaisha, nikawa Mama Kyalo tu. Wanawake wawili boma moja, na siku inaisha tumeongea kuhusu chumvi.

Habari ikafika hapa, mnajua ilivyofika. Huyu mama amepokea karibu kila mtoto wa kanisa hili mikononi, mama zao wakienda mbele kuimba. Nikaanza kuona akinyoosha mikono, na mtu anasema, "Amelala, mama," mtoto macho yako wazi. Nikaona, nikanyamaza. Nilitaka kusema, lakini kila Jumapili uongo ulikuwa umekuwa mkubwa kuliko Jumapili iliyopita. Wapendwa, upweke wa kuachwa na watu niliuzoea. Huu wa kujifungia mwenyewe ndio ulinimaliza. Sikuweza hata kuomba, maana ningeanzia wapi?

Kyalo alipofika miezi minane kwa kitabu, kliniki wakasema sasa tuanze chakula. Kuna dada wa lishe pale, mpole lakini hana mchezo. Aliniambia, "Kalenda weka kando. Angalia mtoto. Shingo imesimama, anaketi akishikiliwa, anafuata kijiko na macho. Huyu yuko tayari." Akanifundisha: chakula kimoja, si unga wa aina sita, siku tatu kabla ya kuongeza kingine. Kijiko kidogo, na mtoto ameketi wima. Hakuna chupa na hakuna ndimu. Nikachemsha malenge, nikaponda na maziwa yangu, nikamketisha.

Kyalo aliona kijiko akafunga mdomo kama mlango wa duka Jumapili. Nikigusa mdomo wake anakokomoa, na hata maziwa ya asubuhi yanatoka. Kesho hivyo hivyo. Nikajaribu ndizi, nikajaribu kiazi, kwa wiki tatu. Ule mstari wa uzito kwenye kitabu ukalala, halafu ukaanza kushuka. Dada wa lishe akaniambia wazi, "Akishuka tena, tutamlaza na kumrudishia mrija wa pua." Ule mrija niliujua.

Akasema nimlishe mbele yake. Nikachukua kijiko. Akaangalia kidogo, akanishika mkono. "Mama, unatetemeka. Kila kijiko unaona kama kitamuua, na yeye anakusoma usoni. Nyumbani hakuna mtu mwingine wa kumlisha? Mtu asiyeogopa?"

Nilitaka kusema hakuna. Nikaangua kilio pale ofisini, kamasi na machozi. Nikasema, "Yuko."

Nilimkuta Mama Mutiso nyumbani anapeta pojo. Sikuketi. Nilisema, "Mama, nilikusingizia."

Hakuinua kichwa. "Najua. Nilikuwepo."

"Nisamehe."

Akapeta, akapuliza makapi. "Mwambie Mutiso kwanza."

Nikapiga simu hapo hapo, nikaweka spika. Nyuma yake nyundo zinagonga chuma. Nikasema, "Baba Kyalo, ule uji nilimpa mimi. Mama hakuwa nyumbani." Zile nyundo ziliendelea kugonga. Kisha akasema, "Mpe mama simu." Nikampa, nikaenda nyuma ya nyumba na mtoto. Walichoongea sijui mpaka leo, na sijauliza.

Alipomaliza simu mama alinawa kwa sabuni hadi viwiko. Akanyoosha mikono, nikampa Kyalo. Akamketisha mapajani, mgongo wa mtoto kwa tumbo lake, akavuta sahani ya malenge, na akaanza kula yeye mwenyewe! Kwa vidole. Mtoto hata hamwambii kitu. "Asi! Tamu," anajisemea. Nikasema, "Mama, kijiko kiko hapa, dada wa lishe alisema..."

"Wewe nenda ukanawe uso."

Sikuenda. Nilisimama mlangoni. Kyalo aligeuza shingo akaangalia ule mdomo unaotafuna. Akaangalia sahani. Akatia mkono, akafinya malenge, akajipaka shavu. Kisha akaweka vidole mdomoni akanyonya. Nikangoja atapike. Mama Mutiso akamwinua wima begani, akaimba nyimbo zote anazojua, nusu saa na zaidi. Chakula kilirudi kidogo, ndiyo, kikachafua leso yake. Lakini kingine kilikaa tumboni.

Kesho akarudia, na kesho kutwa. Wiki ya pili Kyalo akakubali kijiko, ila kutoka kwa susu tu, mimi nikikishika anageuka. Iliniuma, lakini nilistahili. Tuliporudi kliniki mstari ulikuwa umeinuka nafasi ndogo kama ukucha. Dada wa lishe aliupigia makofi.

Leo Kyalo ana mwaka na miezi mitatu kwa kitabu. Anakula ndengu za kuponda, parachichi, ugali laini. Akila kwa pupa bado anacheua, sitawadanganya kwamba yameisha yote. Lakini analala na mimi nalala.

Mwezi uliopita tukichambua pojo nilimuuliza, "Mama, siku ile hospitali mbona hukusema?" Akanijibu kama mtu anayeulizwa bei ya nyanya: "Mutiso ana hasira za baba yake. Angekurudisha Migwani siku hiyo hiyo. Na mtoto angenyonya nani?"

Kwa hivyo ninyi akina mama wa watoto waliokuja mapema, msishindane na mtoto wa jirani. Toa zile wiki, ndipo uhesabu. Usitoboe chuchu ya chupa, hata ukichoka namna gani, na ukichoka sema umechoka. Ukikosea, mwambie daktari ukweli, kwa sababu anatibu kile ulichosema. Namshukuru Mungu kwa wale manasi wa Kitui, kwa dada wa lishe, na kwa Mutiso, ambaye alimwomba mama yake msamaha mbele yangu. Mutiso alisikia ukweli muda mrefu uliopita. Nyinyi ndio mlikuwa mmebaki.

Mlisikia mzee alitaka kuua mjukuu. Si yeye. Ni mimi. Yeye ndiye aliyetoa uji kooni mwake.

Mama Ndanu, wako ana wiki sita. Kila Jumapili naona ukimpita mama hapo dirishani, umemkumbatia mtoto kwa mikono miwili. Mimi nimemaliza, nakaa chini. Mpe amshike.