Betri Isiyokufa

Shemeji yangu, kaka ya bibi yangu, alikuwa na mtumbwi kule Budalang'i na redio ya kubeba yenye sauti ya kuhamisha kiboko. Wakati huo mama yao alikuwa mgonjwa sana, na sisi tulikuwa tunaenda kuvua kisiwani wiki nzima.

"Bila redio siendi," shemeji akaniambia. "Mama akituacha, nitajua aje? Lazima nisikie matangazo ya vifo. Nenda Busia uniletee betri."

Mimi nilidhani kununua betri ni kama kununua chumvi. Kumbe!

Mwenye duka akapanga aina tatu. Moja ya kawaida. Ya pili imevaa chuma tupu, bei yake ng'ombe na ndama. Ya tatu ya lori, nzito kama bibi arusi wa Amukura.

"Hii ya lori itachoma redio yako," akasema. "Chukua hii ya chuma. Hata watu wa meli wanatumia. Haikufangi, boss. Ikichoka unachaji tu."

"Na nini?"

"Stima."

"Stima ya kisiwani iko wapi, mzee?"

"Uliza samaki."

Duka yote ikacheka. Kichwa yangu ikazunguka mpaka nikasahau mlango iko wapi. Lakini nikafikiria: nyumbani betri ikichoka tunaanika kwa mabati, inafufuka. Jua si ni moto kama stima? Nikachukua ya chuma.

Kisiwani redio iliimba vizuri, halafu sauti ikawa ya mbu. Nikaanika betri juu ya mwamba. Jua ilikuwa kali, samaki za omena zilikauka kabla ya kutoka kwa maji! Nikarudisha betri ndani ya redio. Kimya. Na saa ya matangazo imefika.

"Si ulisema haikufi?" shemeji akauliza.

"Mwenye duka ndiye alisema."

"Sasa imekufa kabla ya mama!"

Akatupa nyavu ndani ya mtumbwi, tukapiga kasia mpaka nyumbani bila samaki hata moja.

Tukamkuta mama mkwe amekaa nje, anachambua maharagwe. Mimi nikakimbia nyuma ya jikoni, maana mkwe haonani na mama ya bibi.

"Mmerudi kuzika nani?" nikasikia anauliza.

"Uliza huyo nyuma ya jikoni," shemeji akasema.

Nikaanza kueleza kupitia ukuta: stima, lori, jua, watu wa meli. Nikapotea katikati, nikaanza tena.

"Mwanangu," mama akamwambia shemeji, "huyu ndiye mgonjwa."