Nimeingia kwenye usaili na tope hadi kwenye kola

Jamani, leo nimeingia kwenye usaili nikiwa na tope hadi kwenye kola!

Bodaboda iliyonibeba kutoka Kirushya iliteleza, tukaanguka wote. Shati jeupe alilonipigia pasi mama likawa la kahawia.

Wenzangu waliokuwa kwenye benchi, suti tupu, wakasogea nisiwachafue. 😂

Nikaingia hivyo hivyo.

"Shikamoo mama," nikamwamkia mwenyekiti wa usaili.

"Marahaba. Kazi hii ni ya kuwatembelea wakulima. Mvua ikinyesha utawafikia?"

"Mama, leo imenyesha, na nimefika kabla ya muda."

Chumba kizima kikacheka.

Jioni hii wamenipigia simu. Naanza kazi Jumatatu!

Mavazi yana maana, sikatai. Ila wewe ungeingia, au ungerudi nyumbani?