Dobi anayetazama filamu kutoka nyuma ya kitambaa

Saa tisa alasiri, Mzee Nyoosha anapiga pasi kitambaa kikubwa kuliko nyumba yake.

Kinapita mezani kipande kwa kipande. Upande mmoja kinashuka kutoka kwenye kamba ya uani, upande wa pili mkewe anakipokea na kukikunja juu ya mkeka safi. Pasi ni ya mkaa. Kila baada ya muda mzee anatoka nayo mlangoni, anaipuliza majivu yarukie huko nje, kisha anarudi. Jivu likidondoka juu ya bafta nyeupe namna hii, kazi ya siku nzima imekwenda na maji.

Akifika kwenye kona ya chini mkono unasita. Hapo pana alama ya kahawia yenye umbo la ncha ya pasi. Anainua pasi, anairuka alama, anaendelea.

"Hiyo nimeiunguza mwenyewe," anasema kabla hajaulizwa. "Na sababu ninaijua."

Leo ni siku ya mwisho ya tamasha la filamu fupi na za majaribio, linalofanyika kila mwaka kwenye ua wa maktaba, mtaa wa pili kutoka kwa dobi huyu. Filamu zinaonyeshwa juu ya kitambaa hiki. Jioni ya leo ataonekana juu yake binti wa mzee, aliyefariki mwaka juzi, na kwa mara ya kwanza baba mtu anataka kuketi mbele amtazame. Bado hajajua kama ataweza.

Jina la Mzee Nyoosha alipewa na wateja. Ukimpelekea shati lililokunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa usingizini, hana maneno mengi. "Acha hapo, nitanyoosha." Chumba chake kina meza moja, beseni tatu, na ukuta uliojaa misumari ya kutundikia nguo za watu. Amekula chumvi nyingi, mgongo umeanza kupinda, lakini kola akiigusa yeye inasimama.

Kazi ya tamasha ilimjia kwa bahati tu. Mratibu alileta kitambaa kufuliwa, dobi akakirudisha jioni, kilipotundikwa tu upepo ukakishika, vijana wakahangaika nacho. Alidaka kamba ya nyuma na kuikaza. Filamu ikaanza, hakuna aliyekumbuka kuja kumpokea, akabaki ameishika mpaka mwisho. Tangu hapo mahali pake pamekuwa pale, nyuma ya kitambaa, amekalia ndoo iliyopinduliwa, kamba imezungushwa kiganjani. Malipo yake hayafikii hata gharama ya mkaa, na hajawahi kuyalalamikia.

Bafta ni nyepesi, picha hupenya. Kwa hiyo mzee huona filamu zote, ila kwa nyuma. Na filamu zenyewe si za kawaida. Kuna moja ilionyesha tone la maji likining'inia kwenye bomba, muda mrefu, wala halidondoki. Alidhani mtambo umekwama, akapiga mluzi kuwastua mafundi, na watazamaji wakageuka kumtafuta aliyeharibu utulivu. Mwaka mwingine alizidisha buluu ya kung'arishia nguo nyeupe katika kufua, na kila mtu kwenye filamu akawa na sura ya mgonjwa wa baridi. Mtengenezaji mmoja alisifiwa sana kwa rangi zile na hakukana.

"Watu wengine filamu ikiwashinda wanaondoka," anasema huku akicheka kidogo. "Mimi nimefungwa kamba, nitaenda wapi? Hapa mjini aliyezitazama zote hadi mwisho ni mimi peke yangu."

Kicheko hakidumu. Anairudisha pasi mezani, na habari za binti yake zinaanza zenyewe.

Mtaani walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Alikuwa akizungumza tangu anaamka, na akilala alizungumza pia. Kazi yake pale chumbani ilikuwa kurudisha vifungo kwenye mashati ya wateja. Baba akiwepo, alishona polepole, sindano inamteleza, uzi unajifunga. Baba akitoka kupeleka nguo, akirudi anakuta mashati yote yana vifungo. Mzee alidhani binti anapoteza muda kwa soga akiwa na mtu wa kumsikiliza.

Chiriku alizaliwa anatumia mkono wa kushoto. Baba yake hakulipenda jambo hilo. Alipoanza kushika kijiko na kalamu, alimfunga mkono ule kwa utepe wa shuka, ukalala ubavuni, ili wa kulia uzoee. Mtoto alilia wakati wa kula, akalia wakati wa kuandika, na baba alijikaza kisabuni akiamini anamsaidia.

"Niliogopa watu watamcheka," anasema. "Watu hawakumcheka. Mimi ndiye niliyemliza."

Baada ya miaka, mkono wa kulia ulikubali, au ndivyo alivyoona yeye. Utepe ulitupwa na jambo lile likasahaulika.

Kisha rafiki wa Chiriku, msichana aliyesoma naye na kujifunza kutengeneza filamu, alimwomba amrekodi akishona. Filamu ni ya dakika tano. Haina muziki wala maneno. Chiriku amekaa mezani, pale pale baba yake anapopigia pasi, anashona vifungo kwenye shati jeupe la mwanamume. Kikimalizika cha mwisho anakata uzi kwa meno, analivaa shati lenyewe, linampwaya, anafunga vifungo vyote hadi shingoni. Halafu anatazama mbele. Imekwisha hapo. Kwa msemaji kama yule kunyamaza dakika tano, mama yake anasema, hayo ndiyo yaliyokuwa maajabu ya filamu.

Ilionyeshwa mara ya kwanza binti akiwa hai, ameketi na mama yake katikati ya watazamaji. Baba alikuwa kwenye ndoo yake, kamba mkononi. Alimwona mwanawe juu ya kitambaa, mkubwa kuliko mlango, akishona kwa mkono wa kulia. Anashona haraka, vizuri, sindano haisiti. Kichwa kilimvimba kwa fahari.

Watu walipotawanyika alimfuata, akamwambia mbele ya majirani: unaona sasa, ningekuachia mkono wako ule, leo ungeniaibisha mbele ya umati. Chiriku alimtazama baba yake. Mama yake alifungua mdomo, binti akamshika kiwiko.

"Ndiyo, baba," alisema. "Asante."

Mwaka uliofuata akaugua. Ulikuwa ugonjwa wa damu, wa kumpunguza mtu huku unamtazama. Siku za mwisho hata soga zilimwisha, na nyumba ikawa na kimya ambacho wazazi wake hawakuwahi kukijua. Alipofariki, mzee alifua nguo za watu wiki hiyo hiyo, kwa sababu hakujua aketi wapi.

Mwaka huu tamasha limeamua kuirudia filamu ile kwa kumkumbuka. Mabango yakabandikwa kwenye ukuta wa maktaba, na picha iliyochaguliwa ilikuwa ya Chiriku ameinamia shati. Mzee Nyoosha alipita asubuhi moja na kapu la nguo, akasimama, akaliweka kapu chini. Akaingia ofisini kwa mratibu moja kwa moja.

Alimwambia kwa upole kwamba wamekosea. Picha ya mwanawe imechapwa kinyume, sindano imekwenda mkono wa kushoto, na yeye kama baba anaomba irekebishwe. Mratibu alitaka kucheka, akidhani mzee anatania. Alipoona hatanii, alisema ataangalia.

Nyumbani, mkewe alikuwa anakunja mashati ya wateja. Mzee alimsimulia kwa hasira jinsi watu wa siku hizi wasivyo makini, mpaka kumgeuza mtoto wa mtu. Mke aliendelea kukunja lile shati, akalimaliza, akaliweka juu ya mengine.

"Hawakumgeuza, baba Chiriku," alisema. "Wewe unakaa nyuma."

Mzee anasimulia hapo huku ameishika pasi hewani. Maandishi alijua yanageuka. Kila mwaka alikuwa akiyaona majina ya filamu yakisomeka kinyumenyume, akazoea. "Lakini watu hawana maandishi usoni," anasema. "Mikono sikuwahi kuifikiria."

Mkewe alimweleza yote siku ile. Chiriku hakuacha kutumia kushoto hata siku moja. Alijifunza kutumia mkono wa kulia kwa ajili ya macho ya baba yake tu. Vifungo vilivyokuwa vikiisha haraka baba akitoka, vilishonwa na mkono uliokuwa umefungwa. Na usiku ule wa filamu, njiani kurudi, mama alitaka kusema ukweli, binti akamkataza. Alimwambia, "Mama, mwache. Hujaona alivyofurahi?"

"Ile asante ndiyo inayonila," anasema Mzee Nyoosha. "Angenijibu vibaya, leo ningekuwa nimeshapona."

Kesho yake kitambaa cha tamasha kililetwa kama kawaida. Alikifua, akakianika, akakileta mezani. Halafu akaihamisha pasi mkono wa kushoto. Alitaka kujua, kwa maneno yake, alikuwa anamwomba mtoto mdogo kitu gani. Pasi ikawa nzito kama jiwe la msingi, akashindwa kuinyanyua kwa wakati. Moshi ulipopanda alikuwa bado anaitazama. Mratibu alijitolea kubadilisha kipande kile, dobi akakataa.

Saa kumi na mbili kasoro, kitambaa kimetundikwa. Upepo umeamka. Kinavimba na kulegea, kinavimba tena, na kamba ya nyuma inahitaji mtu. Mzee anaishika. Anaangalia viti vya mbele vinavyojaa, anaangalia ndoo yake. Fundi wa mtambo anamwambia filamu ya binti ni ya tatu. Giza linaingia, ya kwanza inapita, ya pili inapita, na yeye bado amekaa pale pale, kamba imezungushwa kiganjani mara mbili zaidi ya inavyohitajika.

Mkewe anatokea gizani, ananyoosha mkono kuiomba kamba.

"Nenda," anamwambia. "Mimi nimemwona mbele maisha yake yote."

Mzee anasimama. Hapiti njia ya katikati, anazunguka kwa pembeni kama mtu aliyechelewa ibadani, na kuketi mwisho wa safu ya tatu. Kitambaa kinawaka.

Chiriku ameinama. Sindano iko mkono wa kushoto, inaingia, inatoka, uzi unaifuata. Hakuna kinachomkwamisha. Mzee ameshika magoti yake mwenyewe. Chini kabisa, karibu na ukingo wa meza kwenye picha, ile alama ya pasi inaonekana kama doa la chai ambalo mtu amesahau kulifuta. Binti anavaa shati, anafunga hadi shingoni, anatazama mbele. Baba yake yuko mbele. Analia waziwazi, na jirani yake wa kiti, asiyemjua, anamsogezea leso.

Watu wanapiga makofi. Mzee hangoji filamu ya nne, anarudi nyuma ya kitambaa. Mkewe amekaa kwenye ndoo, kamba imemkaza vidole, macho yamelowa.

"Huku nimemwona anashona kwa kulia," anamwambia. "Vizuri kabisa, kama ulivyokuwa unataka."

Mzee anachuchumaa kando ya ndoo.

"Si yeye," mkewe anasema. "Nilikuwa naangalia mtoto wa watu."

Mzee anaipokea kamba. Wanakaa pamoja, yeye chini kwenye majani, mkewe kwenye ndoo, mpaka filamu ya mwisho, ambayo ni ya ukuta unaobanduka rangi na hakuna kingine.

Asubuhi yake mzee anaonekana kwenye ua wa maktaba akipima ardhi kwa miguu. Ana mpango na tayari ameshauombea ruhusa. Kabla tamasha la mwaka ujao halijafika, anataka kuchimba mashimo mawili na kusimika nguzo za chuma, kamba zifungwe hapo zikaze zenyewe. Kitambaa ataendelea kukifua, hilo halina mjadala.

"Nguzo zishike upepo," anasema, na kutia alama kwenye udongo kwa kisigino. "Huku nyuma asikae mtu tena."