Dakika Arobaini za Mutua

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Sikuwa nimelewa, sikuota, na ilikuwa Jumamosi saa tisa mchana, jua la Baba Dogo, kule kwenye viwanda vya Nairobi, likichoma mabati.

Miaka hiyo ya tisini kompyuta zilikuwa bado ngeni viwandani. Niliitwa kiwanda kimoja cha hapo kurekebisha saa ya swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote na kuzipa saa, hata ile ya getini inayoandika wafanyakazi wakiingia na kutoka. Saa hiyo ilikuwa imekimbia mbele dakika arobaini. Meneja akaniambia, "Rekebisha tu. Usiandike ilikosea kiasi gani." Sasa niambie, fundi gani hugusa saa kabla ya kuandika kosa lake? Lakini nilikuwa na watoto wa kulisha. Nikafunga mlango wa chumba cha kompyuta kwa ndani, nikaanza kazi.

"Fundi, andika kwanza."

Nikageuka. Mwanamume wa ovaroli ya bluu, mkono wa kulia umefungwa kitambaa.

"Niandike nini?"

"Hizo dakika arobaini. Mashine ilinikamata saa kumi na nusu, niko kazini. Kompyuta yao inasema saa kumi na moja na dakika kumi, eti zamu yangu iliisha saa kumi na moja, nilikuwa najichezea. Bibi yangu akidai haki, wanamfukuza kama mwizi."

Nikainama kuokota kalamu. Nilipoinuka, hakuna mtu, na mlango bado umefungwa. Amini usiamini. Nilitoka mbio hadi getini nikamweleza askari.

"Wacha mchezo," akasema. "Huyo ni Mutua. Si tulimzika Machakos mwezi jana?"

Hapo hofu ikanitoka, hasira ikaingia. Nikarudi, nikaandika kosa lote kwenye karatasi mbili, nikaweka sahihi, ndipo nikarekebisha saa. Meneja alichana moja mbele yangu, akaapa sitapata kazi tena. Nikamjibu, "Mwenye hizo dakika arobaini amenituma kabla yako." Ya pili nilimpelekea mjane wa Mutua kwenye soko la Kariokor, anakouza vyondo, vile vikapu vya mkonge. Aliibeba mpaka kortini, akashinda.

Viwanda vya pale havijaniita tena. Na siombi msamaha. Mpaka leo nikikaa peke yangu na mashine, nahisi mtu ameegemea kiti changu, anasoma ninachoandika.

Nawe bosi unayeamuru mafundi wafute makosa kimyakimya, endelea. Siku moja utafunga mlango vizuri, na bado utasikia mtu akikuita kwa jina.